UGALI WA SINIA MOJA: Tuusonge, Tuupakue, Tule Salama

Rafiki msomaji, unajua kusonga ugali?

Usicheke! Kula tunajua wote, tena wengine tunajua kupita kiasi. Lakini kula ugali ni jambo moja na kuujua ugali ni jambo lingine. Unga umetoka wapi? Kwa nini dona na si sembe? Kwa nini muhogo mwingine unaulia kwenye jivu moja kwa moja, na mwingine ukiula hivyo unaweza kukudhuru? Na pale sinia likishawekwa mkekani, nani anapata kipande cha samaki na nani anabaki kuchovya mchuzi?

Makala hii inawahusu nyote, ila tumeiandika tukiwafikiria zaidi wanafunzi wa Masaki. Hatusemi Masaki ile ya Dar es Salaam, ya mabalozi na majumba ya ufukweni. Tunasema Masaki ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, ambako mihogo, minazi na mikorosho ndiyo majirani. Huko ugali una sura mbili: wa mahindi na wa muhogo, yaani bada. Tutaizungumza yote miwili. Na kaka zetu msikimbie! Mwiko hauulizi jinsia.

UGALI UNA NDUGU ITALIA

Kwanza tutembee kidogo. Kaskazini mwa Italia kuna chakula kinaitwa polenta. Ni unga wa mahindi, mara nyingi ya njano, unaomwagwa kwenye maji ya moto yenye chumvi na kukorogwa kwa mti mrefu kwa dakika 40 au zaidi, hadi uive na kushikana. Ukiuona utasema: huu si ugali tu, ila laini kidogo?

Tena sikiliza hili. Zipo sehemu za Italia ambako polenta haipakuliwi kwenye sahani. Inamwagwa juu ya ubao mkubwa katikati ya meza, mchuzi wa nyama unawekwa juu yake, na familia nzima inazunguka ubao. Kila mtu anaanza kula upande wake akielekea katikati. Sasa hiyo ina tofauti gani na sinia letu?

Hata historia inafanana. Mahindi asili yake si Italia wala si Afrika. Yametoka bara la Amerika, na yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus mwaka 1492. Kwetu Afrika Mashariki yaliletwa baada ya Wareno kufika. Kabla ya hapo watu wa huku walisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi, na Waitaliano nao walipika polenta kwa nafaka nyingine. Kichekesho ni kwamba sisi tuliyaita mahindi kana kwamba yametoka India, na Waitaliano wakayaita nafaka ya Uturuki. Wote tulikosea njia!

KILICHOWAPATA WALA POLENTA

Hapa mzaha unaisha. Katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia walikula polenta asubuhi, mchana na jioni. Nyama ilikuwa ya tajiri, maziwa yaliuzwa. Walishiba, lakini waliugua. Ngozi ya mikono na shingo, pale jua linapopiga, ilikuwa nyekundu kisha nyeusi na kukwaruza. Walihara. Baadaye akili zilichanganyikiwa, wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli aliandika juu ya ugonjwa huo kwa jina la pelagra, maana yake ngozi inayokwaruza.

Watu walibishana kwa miaka mingi. Wengine walisema ni mdudu, wengine mahindi yaliyooza. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger huko Marekani alionyesha kwamba pelagra inatokana na chakula duni, wala haiambukizwi. Mwaka 1937 ikajulikana kinachokosekana: vitamini iitwayo niasini, moja ya vitamini za kundi B.

Mahindi yana niasini, ila imefungwa humo ndani, mwili hauwezi kuichukua vizuri. Wenyeji wa Meksiko walichemsha mahindi yao na chokaa au majivu, na njia hiyo inaifungua. Mahindi yalisafiri kwenda Ulaya, lakini ujuzi huo ulibaki nyuma.

Usidhani hayo ni ya Wazungu wa zamani tu. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, jirani zetu kabisa, walipata pelagra zaidi ya 18,000. Mgao wao ulikuwa wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikosekana kwa muda. Karanga tu!

Somo ni lipi? Hatusemi uache ugali. Wala usichukue chokaa ya fundi ukatie kwenye mahindi ya mama! Tunasema ugali ni mgeni asiyetembea peke yake. Ukiukaribisha, mkaribishe na mwenzake: kunde, maharage, karanga, samaki, dagaa, yai au nyama.

SEMBE AU DONA?

Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini kidogo chenye mafuta, na wanga mweupe uliojaa katikati. Ukikoboa ili upate sembe nyeupe pe, unatupa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini, madini na nyuzinyuzi. Kuku wa mwenye mashine wanakula pumba zenye virutubisho, wewe unabaki na weupe.

Dona ni punje nzima. Inashibisha muda mrefu na inasaidia choo kuwa laini. Ina sharti moja: kwa sababu ya mafuta ya kile kiini, unga wake huharibika haraka. Saga kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili, si gunia zima.

Kama nyumbani mnakula sembe ya dukani, soma pakiti. Baadhi ya viwanda huongeza virutubisho kama madini ya chuma na vitamini za kundi B. Kama upo, chagua huo.

BADA: MUHOGO UNATAKA HESHIMA

Kwa watu wa Pwani, muhogo ni mkombozi. Mvua ikikataa, mahindi yanakauka, muhogo unangoja ardhini. Lakini muhogo una sianidi, sumu ya mmea wenyewe ya kujikinga na wadudu na wanyama. Muhogo mtamu unayo kidogo, muhogo mchungu unayo nyingi.

Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, mkoani Mara, watu wengi, wakiwemo watoto, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa kwa wiki nyingi, huku hawapati samaki, nyama wala kunde. Njaa iliwafanya wafupishe siku za kuandaa. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudi kama zamani.

Basi fanya hivi, usifupishe:

1. Menya muhogo, toa ganda lote. Sumu nyingi iko kwenye ganda.
2. Uloweke kwenye maji siku tatu au zaidi mpaka ulainike kabisa.
3. Uvunjevunje, uanike juani juu ya kitu safi mpaka ukauke na kuwa makopa makavu.
4. Twanga au saga, kisha chekecha.

Na kama una wasiwasi na unga uliokwisha kusagwa? Ipo njia rahisi. Changanya unga na maji upate rojo zito, utandaze kwenye sinia au ungo kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache kivulini saa tano au juani saa mbili. Sumu inaondoka na hewa. Halafu pika bada siku hiyohiyo.

Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo. Kitwange vizuri, kichemshe sana bila kufunika sufuria, ndipo utie tui la nazi. Kisamvu cha kukatakata na kuchemsha dakika tano ni cha mvivu, tena cha hatari.

Jambo la mwisho kuhusu bada: ina protini kidogo hata kuliko ugali wa mahindi. Wengi huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na hilo ni jema. Lakini samaki au kunde ni lazima.

ADUI ASIYEONEKANA: SUMUKUVU

Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu. Sumu hii huharibu ini na huweza kuleta saratani ya ini. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Hapa kwetu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua na 20 wakafariki.

Sikia vizuri: KUPIKA HAKUIONDOI SUMUKUVU. Hata usonge ugali saa nzima, sumu iko palepale.

Ufanyeje? Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si chini kwenye udongo. Chambua na tupa punje zenye ukungu, zilizooza au zilizobadilika rangi, wala usimpe kuku. Weka magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta na paa linalovuja.

Unapimaje kama yamekauka? Chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Chumvi isipoganda, peleka ghalani. Fizikia ya kidato cha pili hiyo, imeingia jikoni!

HAYA, TUSONGE

Ugali wa watu sita: unga wa dona kilo moja, maji safi lita mbili hivi. Dona hunywa maji zaidi kuliko sembe, kwa hiyo weka maji ya moto ya akiba pembeni.

Nawa mikono kwa sabuni. Pikia mahali penye hewa, au fungua dirisha na mlango, maana moshi wa kuni unaumiza mapafu. Kama jiko ni la mkaa, usipikie wala kuliacha ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua watu usingizini.

Chemsha maji. Kabla hayajachemka, chota unga vikombe viwili, uchanganye na maji baridi pembeni, koroga mpaka usiwe na mabonge, kisha umimine kwenye sufuria huku ukikoroga. Huo ni uji. Uache utokote dakika tano hadi kumi. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka yao, na ugali unatoka mbichi katikati.

Sasa shika sufuria kwa kitambaa kikavu, au mwenzako aibane kwa vijiti. Ongeza unga kidogo kidogo, songa kwa mwiko ukikandamiza kwenye ukuta wa sufuria na kugeuza. Ukiona mabonge yavunje hapohapo. Ukiona mgumu mno, tia maji ya moto kidogo. Ukishashikana, punguza moto, funika dakika tatu hadi tano, geuza tena. Ugali ulioiva unanukia, unaachia sufuria, na ukiumega haunati sana mkononi.

Uji wa ugali huruka na kuunguza. Ukiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Kama kidonda ni kikubwa, au ni cha usoni au mkononi, nenda kituo cha afya.

Mboga ya leo? Tuseme dagaa wa nazi na matembele. Wachambue dagaa, waoshe kwa maji ya moto, wakaange na kitunguu na nyanya, tia tui. Matembele yaoshe kabla ya kukata, yapike muda mfupi tu. Weka ndimu mezani. Siyo ya harufu tu: vitamini C iliyo kwenye ndimu au chungwa husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga za majani na kunde. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ngoja saa moja baada ya kula ndipo unywe.

SINIA LIMEFIKA: NANI ANAPATA NINI?

Pakua ugali wa moto katikati ya sinia, mboga kwenye bakuli. Mnaweshane kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika au kata, na sabuni iwepo. Kunawa watu wote kwenye bakuli moja la maji ni kugawana uchafu: wa mwisho ananawa mikono ya wote. Kipindupindu na kuhara hupita hapo. Usisahau kucha.

Mkubwa akianza, nanyi mwanze. Kula upande wako, mkono wa kulia, usivamie tonge la mwenzio. Haya tumefundishwa.

Lakini kuna jambo tunalinyamazia. Katika nyumba nyingi baba na wageni wana sinia lao lenye vipande, na mama, wasichana na wadogo wana lao lenye mchuzi. Hebu tufikiri pamoja. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, anahitaji madini ya chuma zaidi. Mama mjamzito anajenga mwili wa mtu mwingine. Mtoto wa miaka miwili ndio kwanza ubongo unakua. Sasa nani hasa anahitaji kile kipande cha samaki?

Hatusemi baba asile. Baba naye anatoka shamba. Tunasema vipande vigawiwe kwa usawa jikoni kabla ya sinia kutoka, ili kila mtu awe na chake. Na mtoto mdogo apakuliwe kwenye kibakuli chake, mkubwa mmoja amlishe au amsimamie. Kwenye sinia la pamoja mdogo hana mbio. Akishamaliza tonge moja, wengine wamemaliza kumi. Watu wanasema "ameshiba", kumbe amezidiwa.

Unaweza kulisema hili nyumbani bila kugombana? Unaweza. Siku ukipika wewe, gawa wewe. Ukiulizwa, sema umesoma.

SWALI TUNALOULIZWA SANA

"Nyumbani tuna ndugu mwenye virusi vya Ukimwi. Ametengewa sahani na kikombe chake. Je, tukila naye sinia moja tutaambukizwa?"

HAPANA. VVU havienezwi kwa mate, sahani, kijiko, kikombe wala tonge. Vinaenezwa kwa ngono isiyo salama, kwa damu kama vile kushirikiana sindano au wembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Tangu wagonjwa wa kwanza wagundulike Kagera mwaka 1983, sinia halijawahi kuwa njia.

Kifua kikuu je? Kinaenezwa kwa hewa, mtu anapokohoa, si kwa vyombo. Fungueni madirisha, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, anywe dawa zake kama alivyoelekezwa kliniki.

Dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004. Anayezimeza anatakiwa ale vizuri na awe na moyo wa kuendelea. Sasa fikiria: mtu anameza dawa kila siku apate kuishi, halafu kila jioni anawekewa sahani yake pembeni ya mlango. Wengine huacha dawa kwa kuficha hali zao wasitengwe. Kumtengea sahani hakumkingi mtu yeyote. Kunamuumiza yeye tu. Msogezee nafasi mkekani, mwambie: "Shangazi, karibu, ugali unapoa."

JIPIME

Jibu NDIYO au HAPANA, kisha linganisha na majibu hapa chini.

1. Ukipika sana, sumukuvu inakwisha.
2. Kisamvu kichemshwe bila kufunika sufuria.
3. Sembe nyeupe ina virutubisho zaidi kuliko dona.
4. Mtoto mdogo apakuliwe kwenye kibakuli chake.
5. Kula sinia moja na mtu mwenye VVU kunaambukiza.
6. Ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.

Majibu: 1. Hapana. 2. Ndiyo. 3. Hapana. 4. Ndiyo. 5. Hapana. 6. Ndiyo.

Umepata zote sita? Basi wewe ni mpishi. Umepata chini ya nne? Rudia kusoma, halafu mkopeshe rafiki yako gazeti hili.

KAZI YA KLABU

Wiki hii kila mwanachama wa klabu ya afya shuleni aandike vyakula alivyokula nyumbani kwa siku tatu, bila kutia jina. Mkusanye karatasi, mhesabu: ni milo mingapi ilikuwa na ugali na mchuzi tu? Mingapi ilikuwa na kunde, samaki, mayai au karanga? Mingapi ilikuwa na mboga za majani au tunda? Kisha mjadili: ni kitu gani cha bei nafuu kinachopatikana kijijini kwenu ambacho kingeongezwa? Kunde za shambani? Karanga? Embe la msimu? Andikeni majibu ukutani, darasa zima lisome.

Na wavulana wa klabu, Jumamosi ni zamu yenu. Mwiko uko nyuma ya mlango wa jiko. Dada yako ana mtihani wa hesabu Jumatatu, naye anahitaji jioni moja ya kusoma.